Babu na Mjukuu Katika Makumbusho ya Bonde la Ufa

Mji wa Nakuru umekaa kati ya mlima na ziwa. Upande wa kaskazini umesimama Menengai, mlima wa moto wa zamani ambao kilele chake kilididimia kikaacha bonde la mviringo lenye upana wa kilomita 12 hivi. Upande wa kusini limelala Ziwa Nakuru, lenye maji ya magadi, ambalo mwaka 1968 lilifanywa mbuga ya taifa. Wageni wengi wafikao hapa huja kuwatazama heroe na vifaru, kisha hurudi zao. Ni wachache wajuao kwamba kati ya Nakuru na Naivasha ziko nyumba za makumbusho ambazo mtu aweza kuzizuru mbili kwa siku moja, akaondoka kwake alfajiri na kurudi usiku usijawa mwingi.

Nyumba hizo zina vitu vya kale, picha za kuchora, na vitabu. Tena zina tabia moja ambayo mtu haijui mpaka aende mwenyewe, nayo ni kwamba hazimwambii kila mtu jambo lile lile. Mtoto huona hili, mzee huona lile, na wakienda pamoja kila mmoja humfumbua mwenziwe macho. Safari ya mzee mmoja wa upande wa Njoro pamoja na mjukuu wake yaweza kulidhihirisha jambo hilo.

SWALI LA MTOTO

Mzee huyo ni mkulima wa viazi, tena ana ng'ombe wachache wa maziwa. Alizaliwa karibu na mwaka 1945 katika shamba la mzungu huko huko Njoro, ambako baba yake alikuwa kibarua. Utotoni alichunga mbuzi. Mwaka 1953, wakati wa Hali ya Hatari, jamaa zake walipakiwa katika lori, kama walivyopakiwa maelfu ya Wakikuyu wengine wa Bonde la Ufa, wakapelekwa Murang'a. Basi miaka ambayo ilimpasa kukaa darasani ilimpita. Kusoma Kiswahili alijifunza akiwa mtu mzima, katika madarasa ya ngumbaru, na Kiingereza hakukipata kabisa. Lakini hadithi anazo nyingi, maana katika kijiji walichopelekwa hapakuwa na kitu kingine cha kuwatuliza watoto usiku.

Mjukuu wake ni msichana wa miaka minane asomaye Nairobi, ambaye huletwa Njoro wakati wa likizo. Mwezi wa Agosti alikuja na kitabu cha picha chenye habari za Elsa, yule simba jike aliyelelewa na watu kisha akarudishwa porini. Kila jioni alikisoma kando ya jiko, akigeuza kurasa polepole. Jioni moja babu yake akaanza kumsimulia habari za Sungura na Fisi. Mtoto akasikiliza kwa adabu, kisha akauliza:

"Babu, hadithi hiyo imo katika kitabu gani?"

"Haimo katika kitabu. Nilisimuliwa na mama yangu."

"Basi picha zake nitaziona wapi?"

Mzee hakuwa na jibu. Mtoto hakukusudia ubaya. Aliuliza kama alivyozoea kuuliza shuleni. Lakini jioni tatu zikapita pasipo hadithi yoyote katika nyumba ile. Siku ya nne mzee alikwenda kupeleka maziwa katika chama cha ushirika, akamweleza karani jambo lililomkaa moyoni. "Nina gunia zima la hadithi," akasema, "lakini mjukuu wangu anadai risiti."

Karani akacheka, kisha akamwambia kwamba mwanamke aliyeandika habari za simba yule alikuwa na nyumba kando ya Ziwa Naivasha, nayo sasa ni makumbusho. Picha zake zimo, na vitu vyake vimo. Akamshauri pia wapite kwanza katika kilima cha Hyrax Hill karibu na Nakuru, kwa kuwa kiko njiani. Jumamosi iliyofuata babu na mjukuu wakapanda matatu ya kwanza.

KILIMA CHA PIMBI

Hyrax Hill ni kilima cha mawe kilicho umbali wa kilomita 4 hivi kutoka mjini Nakuru, kwenye barabara ya Nairobi. Jina lake maana yake ni kilima cha pimbi, kwa kuwa wanyama hao wadogo walikuwa wakikaa kwa wingi katika nyufa za mawe yake. Mwaka 1926 Bwana Louis Leakey, mtaalamu wa mambo ya kale, alipokuwa akichimbua mahali pengine karibu na Nakuru, aliona dalili kwamba hapa walikaa watu wa zamani. Mwaka 1937 na 1938 mkewe, Bibi Mary Leakey, alipachimbua kwa uangalifu. Baadaye mahali hapo pakahifadhiwa kwa sheria, na mwaka 1965 nyumba iliyokuwa ya mwenye shamba ikafunguliwa kuwa makumbusho.

Ndani ya nyumba kuna makabati yenye vyungu, zana za mawe, na vitu vingine vilivyotoka ardhini, kila kimoja na maelezo yake kwa Kiingereza. Hapo mtoto ndiye aliyekuwa mwalimu. Alisoma kwa sauti, akatafsiri, na alipokwama kwenye neno gumu aliliruka na kuendelea. Babu yake alisimama nyuma yake, kofia mkononi, akisikiliza kama mwanafunzi.

Lakini walipofika penye vyombo vya mawe, mambo yakabadilika. Mtoto alisoma kwamba watu waliokaa hapo miaka 3,000 hivi iliyopita walizika wafu wao chini ya mawe, na kwamba katika makaburi ya wanawake zilionekana sahani za mawe na michi, ilhali wanaume walizikwa pasipo vitu kama hivyo. Akauliza kwa nini. Maelezo ya kabatini hayakumjibu. Mzee akasogea karibu, akalitazama jiwe lililochimbika katikati kwa kusuguliwa.

"Mama yangu alikuwa na jiwe la kusagia mtama," akasema. "Tulipopakiwa katika lori tuliambiwa tuchukue vitu vichache. Aliacha vyungu, akaacha kitanda, lakini jiwe lile alilipakata mpaka Murang'a. Mtu yeyote aliyemwona siku ile asingeuliza kwa nini mwanamke azikwe na jiwe lake."

Mtoto akalitazama jiwe tena. Habari ile hakuwa ameisikia hata siku moja, wala haikuwa imeandikwa kabatini.

Nje ya nyumba kuna njia iendayo kilimani. Mgeni huonyeshwa mashimo mapana yaliyochimbwa na watu waliokaa hapo karne chache zilizopita, ambao wenyeji huwaita Wasirikwa. Kwa muda mrefu watu walibishana juu ya kazi ya mashimo hayo, na wengi walidhani ni nyumba za chini ya ardhi. Wachimbuzi wameonyesha kwamba yalikuwa mazizi ya ng'ombe, na nyumba za watu zilijengwa ubavuni. Mzee alipoyaona hakungoja kuelezwa. Akaonyesha kwa fimbo kichuguu kilichokuwa mbele ya shimo moja. "Hii ni samadi na tope walilokuwa wakikomba zizini," akasema. "Hata mimi zizi langu lina kilima chake." Kijana aliyekuwa akiwaongoza akakubali kwamba ndivyo ilivyokuwa.

Mbele kidogo iko miamba yenye safu za mashimo madogo yaliyochongwa. Ni mbao za bao, zilizochongwa na watu ambao majina yao hayapo tena. Mchezo huo umeenea Afrika kwa namna nyingi: Wamaasai huuita enkeshui, Wakikuyu huuita giuthi, na pwani bao lina mashindano na mabingwa wake. Mzee aliucheza utotoni akichunga mbuzi. Kwa kuwa si vizuri kuchezea vitu vya kale vilivyohifadhiwa, alichuchumaa pembeni penye udongo laini, akachimba vishimo kwa kidole, akaokota vijiwe, akamfundisha mtoto kupanda na kula. Mtoto alifungwa mara mbili. Mara ya tatu alianza kuhesabu kabla ya kuinua vijiwe, na babu yake akajua kwamba ameshika.

Kileleni upepo ni mwingi na mtu huona mbali. Menengai iko nyuma, ziwa liko mbele. Wataalamu wa ardhi wamethibitisha kwamba miaka ipatayo 9,000 hivi iliyopita mvua ilikuwa nyingi, na maji ya Nakuru na Elmenteita yalikuwa ziwa moja kubwa na lenye kina, likafika mpaka chini ya kilima hiki. Mtu anayeambiwa hivyo huenda akadhani ni hadithi. Hata hivyo, katika miaka ya 2010, na tena mwaka 2020, maziwa ya Bonde la Ufa yalipanda yakafunika majengo na barabara, na lango kuu la zamani la mbuga ya Nakuru likaingia majini. Wenyeji walioona hayo hawaoni tena ugumu kuamini habari za ziwa la kale.

NJIANI KWENDA NAIVASHA

Kutoka Nakuru mpaka mjini Naivasha ni kilomita 70 hivi. Barabara hupita karibu na Ziwa Elmenteita, ambalo mwaka 2011 liliandikwa pamoja na Nakuru na Bogoria katika orodha ya urithi wa dunia. Karibu na hapo ni Kariandusi, penye makumbusho nyingine ndogo. Huko, mwishoni mwa miaka ya 1920, Leakey na wenzake walipata mashoka mengi ya mkono ya watu wa kale, baadhi yake yakiwa ya jiwe jeusi ling'aalo kama kioo. Umri wake ni wa mamia ya maelfu ya miaka. Siku hiyo wasafiri wawili hawakushuka, kwa kuwa muda ulikuwa mfupi, lakini mtoto aliandika jina la mahali hapo katika daftari lake ili waje siku nyingine.

Baada ya Gilgil, ardhi huteremka, na Ziwa Naivasha huonekana upande wa kulia, na mlima wa Longonot mbele. Maji ya ziwa hili si ya magadi kama ya Nakuru. Ni matamu, na kwa sababu hiyo pembeni yake pamejaa mashamba ya maua na mboga. Mtu afikaye mjini Naivasha hupanda matatu nyingine iendayo Kongoni kwa barabara ya kusini mwa ziwa, akapita nyumba za maua zilizofunikwa kwa nailoni, na lango la Hell's Gate, mpaka afike Elsamere.

NYUMBA YA ELSAMERE

Elsamere ni nyumba nyeupe yenye bustani ishukayo mpaka karibu na maji, chini ya migunga mirefu ya magome ya manjano. Jina lake maana yake ni ziwa la Elsa. Katika miti hukaa mbega, wale kima weusi wenye mabega meupe na mkia mrefu, na usiku viboko hupanda kula majani. Joy Adamson na mumewe George waliinunua katika miaka ya 1960, na baada ya kifo cha Joy ikawa makumbusho na kituo cha mafunzo ya kuhifadhi wanyama na mimea.

Bibi huyo alizaliwa mwaka 1910 katika mji uitwao siku hizi Opava, katika nchi ya Cheki. Alifika Kenya mwaka 1937. Watu wengi humjua kwa ajili ya simba tu, lakini kazi yake ya kwanza ilikuwa kuchora. Alianza na maua na mimea ya Afrika Mashariki, na mwaka 1947 chama kikuu cha bustani cha Uingereza kikampa nishani ya dhahabu kwa picha hizo. Kisha, kuanzia mwaka 1949, serikali ya koloni ilimpa kazi ya kuwachora watu wa makabila ya Kenya wakiwa wamevaa mavazi yao ya asili, kwa kuwa mavazi hayo yalikuwa yakitoweka upesi. Kazi hiyo ilichukua miaka kadhaa. Alichora zaidi ya picha 500 za wazee, wapiganaji, wanawake, na vijana waliotoka jandoni. Nyingi kati ya picha hizo ziko katika Makumbusho ya Taifa mjini Nairobi, na baadhi zilichapishwa mwaka 1967 katika kitabu kiitwacho The Peoples of Kenya.

Hapo Elsamere mtoto alitembea kutoka picha hata picha pasipo kusema neno. Kitabu chake alikuwa amekishika kifuani. Mbele ya picha za simba alikifungua, akalinganisha. Mhudumu wa nyumba alipomwona hivyo akamweleza mambo kwa mpango wake: kwamba mwezi wa Februari 1956 George Adamson, aliyekuwa mlinzi wa wanyama katika Mkoa wa Kaskazini, alimwua simba jike aliyemrukia, kisha wakaonekana watoto watatu wa simba huyo, kwamba wawili walipelekwa katika bustani ya wanyama ya Rotterdam huko Uholanzi, na mdogo wao, Elsa, akabaki, kwamba alifundishwa kuwinda, akaachwa huru katika pori la Meru, naye akazaa huko, na kwamba habari zake zilitolewa katika kitabu kiitwacho Born Free mwaka 1960, na sinema ikafuata mwaka 1966.

Mtoto akahesabu kwa vidole. "Kwa hiyo kutoka mwaka 1956 mpaka mwaka 1960 hadithi ya Elsa haikuwa na kitabu," akasema.

"Haikuwa nacho," mhudumu akajibu. "Ilikuwa habari za watu wa kambini tu, wakisimuliana."

Mzee alilisikia jibu hilo, lakini hakusema kitu. Mtu mzima mwenye busara hamkatizi mtoto anayefikiri.

Kisha mtoto akauliza Elsa alikufaje, maana kitabu chake kilisema tu kwamba aliugua. Mhudumu akasema alikufa mwezi wa Januari 1961 kwa ugonjwa wa damu unaoletwa na kupe. Kusikia neno kupe, mzee akainua kichwa. Huo ulikuwa ulimwengu wake. Akamweleza mjukuu wake jinsi kupe anyonyavyo damu ya mnyama mmoja na kumtia mwingine ugonjwa, jinsi ng'ombe anavyopata homa na mkojo wake kuwa mwekundu, na kwa nini yeye huwapeleka ng'ombe wake joshoni hata siku za mvua. Mtoto, ambaye likizo nzima alikuwa akilalamika juu ya harufu ya dawa ya josho, alinyamaza. Simba wa kitabuni na ng'ombe wa Njoro walikuwa na adui mmoja.

KITABU NA WATU WALIOMO

Jambo moja zaidi yafaa litajwe. Juu ya jalada la kitabu cha Elsa kuna jina la mtu mmoja, lakini ndani yake mna watu wengi. Mwandishi mwenyewe amemtaja Nuru, aliyepewa kazi ya kuwatunza watoto wale wa simba tangu walipoletwa nyumbani. Amemtaja pia Makedde, askari wa wanyama aliyefuatana na Adamson katika safari zake. Watu hao walitembea na Elsa jua likiwaka, wakamlisha, wakamtafuta alipopotea. Msomaji wa Ulaya aliyepita majina hayo haraka aliona wahudumu tu. Lakini mzee wa Njoro, aliyezaliwa katika nyumba ya kibarua, aliposikia majina hayo aliomba yarudiwe.

"Huyo Nuru alijua habari za simba kabla ya mwenye kitabu kushika kalamu," akasema. "Kuandika ni kazi kubwa, nami sitaidharau. Lakini kulikuwa na kuona kwanza."

Ndivyo ilivyo pia kwa zile picha za watu wa Kenya. Kila mzee aliyechorwa aliketi kwa saa nyingi mbele ya mgeni. Alikuwa na jina, na mji, na shughuli zake. Mchoraji aliihifadhi sura yake na mapambo yake, na kwa hilo nchi imepata hazina ambayo isingepatikana tena. Lakini nyimbo zilizoimbwa siku lile vazi lilipovaliwa, na sababu ya ushanga kuwa mwekundu upande huu na mweupe upande ule, haziwezi kuchorwa. Hayo hukaa katika vinywa vya watu, na vinywa hufungwa mmoja mmoja. Mtoto wa leo aweza kuiona picha ya babu wa babu yake ukutani huko Nairobi asiijue, kama hapana mtu wa kumwambia.

MCHORO WA FISI

Alasiri waliketi chini ya migunga, wakanywa chai, kisha wakapanda matatu kurudi Nakuru. Walipopita Gilgil mtoto alitoa daftari na kalamu ya risasi. Pasipo kutazama juu akasema, "Babu, ile ya Sungura na Fisi. Anza mwanzo."

Mzee akaanza. Matatu ilikuwa ikirukaruka, na abiria wawili wa kiti cha nyuma wakanyamaza kusikiliza. Mtoto alichora. Baada ya kitambo akamwonyesha babu yake kazi yake: Sungura alikuwa mzuri, masikio marefu, lakini Fisi alikuwa amesimama sawasawa kama meza.

"Huyu ni mbuzi," mzee akasema. "Fisi mgongo wake huteremka. Mabega yapo juu, makalio yapo chini, kama mtu aliyeiba kitu naye anaogopa kupigwa kwa nyuma. Futa."

Mtoto akafuta, akachora upya, na mara hii abiria wa nyuma akainama akasema kwamba kweli huyo ni fisi. Walipofika Nakuru taa za mji zilikuwa zimewashwa, na hadithi ilikuwa haijakwisha. Siku zote zilizobaki za likizo mzee alisimulia na mtoto alichora, na daftari lilipojaa karani wa chama cha ushirika alimpa jingine. Juu ya jalada la lile la kwanza mtoto aliandika jina lake, na juu ya jina lake akaandika la babu, na juu ya yote mawili akaandika la mama yake babu, ambaye hakupata kumwona.

KWA WATAKAO KWENDA

Wako wazee wengi katika Njoro, Molo, Subukia, Bahati na Gilgil ambao huletewa wajukuu kila likizo. Watoto hao wana elimu ya shule, nao ni wepesi wa kusoma, lakini wengi hawajui mawe, wala mifugo, wala maana ya majina ya mahali wanapokaa. Wazee nao wanayajua hayo, ila hudhani ya kuwa hayana thamani kwa sababu hayakuandikwa. Siku moja katika makumbusho yaweza kuwasaidia wote wawili.

Atakaye kuzuru Hyrax Hill na Elsamere kwa siku moja aondoke mapema, achukue maji na chakula, na kofia kwa ajili ya jua la kilimani. Watoto wasipande juu ya kuta za mawe ya kale, wala wasiokote kitu chochote kilicho ardhini, hata kipande cha chungu. Kitu kikiondolewa mahali pake hupoteza nusu ya habari zake. Ni vizuri kumwachia mtoto asome maelezo kwa sauti, hata kama anasoma polepole. Na mzee akiona kitu akijuacho, asingoje kuulizwa. Aseme jina lake kwa lugha ya kwao, aseme nani alikuwa nacho, na kilifanyiwa kazi gani.

Mwisho, mtoto achukue daftari na kalamu ya risasi. Njia ya kurudi ni ndefu, na hapo ndipo maswali huja.